Waliokwisha Kulipa

Kazi yangu ni kuuliza. Nimeifanya kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba, katika mitaa ya Nairobi, na zaidi Kibera na Kawangware. Wenyeji hutuita watu wa utafiti, au watu wa maswali. Tunatembea na tableti mkononi, kitambulisho shingoni, na hojaji iliyoandikwa na watu ambao aghalabu hawafiki kule tunakofika. Hojaji za maji ndizo zilizonipa riziki zaidi. Karibu kila moja ina mahali katikati, baada ya idadi ya watoto na aina ya choo, ambapo swali hili hutokea: kama maji mnayotumia yangelindwa yasichafuliwe, kaya yako ingekuwa tayari kulipa shilingi ngapi kwa mwezi?

Naandika juu ya swali hilo kwa sababu majibu yake hayaishii kwenye tableti. Yanageuzwa wastani, wastani unaingia kwenye ripoti, na ripoti inafika mezani kwa wanaopanga bei na kugawa miradi. Mwisho wake mtu wa Gatwekera, kijiji kimoja cha Kibera, anaandikwa kwamba utayari wake wa kulipa ni mdogo. Nimeketi na watu hao kwenye vigoda vyao. Utayari wao si mdogo hata kidogo, na anayeisoma ile tarakimu anastahili kujua imetoka wapi.

Swali lenyewe lina historia ya mbali. Machi 1989 meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka na kumwaga mafuta katika pwani ya Alaska, ikabidi itafutwe thamani ya bahari, ndege na samaki ambao hakuna soko linalowauza. Wanauchumi wakaenda kuwauliza wananchi moja kwa moja: ungetoa kiasi gani ili jambo kama hili lisitokee tena? Ubishi ulikuwa mkali, hadi mwaka 1993 jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Tuzo ya Nobel, likatoa masharti. Msaili akutane na mtu ana kwa ana. Swali liwe la ndiyo au la, kama kura. Mhojiwa akumbushwe kwamba pesa atakazotaja zitapungua kwenye mahitaji yake mengine. Masharti hayo tunafundishwa hadi leo kabla ya kuingia mitaani, ingawa si wengi wetu wanaoambiwa kwamba chimbuko lake ni mafuta yaliyomwagika.

Kulikuwa na sharti jingine, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Jopo lilijua kwamba jambo moja linaweza kuulizwa kwa njia mbili. Unaweza kumuuliza mtu atalipa kiasi gani ili maji yake yasiharibiwe. Au unaweza kumuuliza alipwe kiasi gani ndipo akubali yaharibiwe. Majibu ya swali la pili huwa makubwa zaidi, mara nyingi kwa mbali sana. Jopo likapendekeza litumike lile la kwanza, kwa kuwa ndilo linalotoa tarakimu ya tahadhari, yaani ile ndogo.

Tangu hapo mbinu imesambaa duniani. Kule Pennsylvania, Marekani, makampuni yalipoanza kupasua miamba kwa maji yenye kemikali ili kutoa gesi, watafiti waliwauliza wakazi wa bonde la mto Susquehanna wangetoa kiasi gani kwa ajili ya hatua za usalama za kuondoa hatari kwenye mito yao. Wastani wa majibu ulizidi dola 10 kwa kaya kwa mwezi. Watu wale waliombwa wataje bei ya kutoharibiwa kwa kitu ambacho tayari walikuwa nacho. Hapo swali lilikuwa limekwisha kuamua jambo kubwa kabla mhojiwa hajafungua kinywa: kwamba mchimbaji ndiye mwenye ruhusa, na jirani ndiye wa kutoa pesa.

Kibera hakuna kisima cha gesi. Lakini swali la Pennsylvania ndilo lile lile tunaloingia nalo kwenye vijiji vyake vya Laini Saba, Lindi na Silanga, na linafanya uamuzi ule ule.

Acha nianze na hesabu, maana hojaji haianzi nayo. Kipimo chetu ni mtungi wa lita 20. Mitungi 50 ni mita moja ya ujazo. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita moja ni shilingi 250. Ukiuzwa shilingi 10, ni 500. Maji yakipotea, kama tunavyosema Nairobi, mtungi hupanda hadi shilingi 20 na kuendelea. Sasa linganisha. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2015, nyumba yenye mita ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi ililipa shilingi 204 kwa mita 6 za ujazo za mwanzo, yaani 34 kwa kila mita. Kioski cha maji kilipangiwa shilingi 20 tu kwa mita. Kati ya hizo 20 na zile 250 anazolipa mama wa Kibera wamo wenye paipu, wenye matangi, wasukuma mikokoteni, na wanaokesha wakilinda paipu zisikatwe usiku. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba wakazi wa mabanda ya Nairobi, Jakarta na Manila hulipia maji mara 5 hadi 10 zaidi ya wakazi wa mitaa ya kitajiri ya miji hiyo hiyo, na zaidi hata ya watu wa London na New York. Kwa Kawangware huhitaji ripoti. Ukishuka kwenye matatu namba 46, Lavington, mtaa wa matajiri, iko ng'ambo tu.

Siwalaumu wauzaji wote. Wengi walivuta paipu kwa pesa zao wenyewe kutoka mahali ambapo mabomba makubwa ya jiji yalikomea, nje ya mtaa. Mwaka 2004 waliunda chama chao, Maji Bora Kibera, wakitaka watambuliwe na wakubaliane na kampuni ya maji juu ya bei na madeni. Na baadaye shirika la SHOFCO, lililoanzia Kibera kwenyewe, lilipandisha mabomba juu ya nguzo, yakapita hewani juu ya mabati, kwa sababu rahisi kabisa: bomba lililo juu halilali mtaroni na si rahisi kulitoboa.

Sababu hiyo inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha uchafuzi. Paipu za plastiki za Kibera hupita juu ya ardhi, zimefungamana, na mara nyingi zimelazwa ndani ya mtaro wa majitaka kwa kuwa hakuna njia nyingine kati ya nyumba na nyumba. Siku ya mgao, maji yakikatwa, presha hushuka na paipu huwa tupu. Mahali penye ufa au kiungo kilicholegea, paipu tupu hunyonya kilichoko nje, na nje ni mtaro. Maji yakirudi yanasukuma kila kitu hadi kwenye mtungi. Kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye mtambo wa Ng'ethu yakiwa yamesafishwa vizuri, yamepimwa na kutiwa klorini, yanaweza kumfikia mtoto wa Soweto, hapo hapo Kibera, yakiwa na vijidudu vya kipindupindu. Yameharibika katika mita chache za mwisho.

Wanawake wa Kibera wanayajua haya yote bila mhandisi. Nilikaa na mama mmoja Gatwekera, chumba cha futi 10 kwa 10, mitungi mitatu imepangwa kando ya kitanda. Mmoja ulikuwa na kifuniko chake cha asili, na juu ya kifuniko kitambaa kilichokunjwa: huo wa kunywa. Wa pili ulikuwa wa kupikia na kuosha vyombo, mdomo umezibwa kwa karatasi ya nailoni. Wa tatu, uliochakaa na kuwa na ukungu wa kijani ndani, wa kufua. Aliniambia kwamba maji yakirudi baada ya mgao hanunui mtungi wa kwanza wala wa pili. Anasubiri wengine wachote. Akikosa subira kwa kuwa watoto wanaenda shule, ananunua, anaweka pua mdomoni mwa mtungi, na kama harufu haimpendezi, mtungi huo unageuka wa kufua papo hapo, ingawa ameulipia bei ya kunywa. Yale ya kunywa anayachemsha kwa makaa au anatia dawa ya maji, na yote hayo ni pesa.

Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa, nikamwonyesha kadi ya bei. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "hiyo pesa nitampatia nani?"

Nikamweleza kwamba ni mfano tu, mpango ambao ungeweza kuwepo.

"Kwa sasa nalipa wa paipu. Nalipa wa makaa. Nalipa wa dawa. Mtoto akiharisha nalipa kliniki. Sasa huyu wa tano ni nani, na hao wanne wataacha lini?"

Hojaji haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Ilikuwa na kisanduku cha tarakimu. Alisema nisiandike kitu, na kwa utaratibu wetu asiyetaja kiasi huandikwa sufuri. Kisha tableti hufungua swali la ziada: kwa nini sufuri? Machaguo ni machache. Sina uwezo. Maji yangu hayana tatizo. Ni jukumu la serikali. Siamini kwamba pesa zitatumika ilivyokusudiwa.

Msomaji anapaswa kujua kinachofuata, kwa sababu wahojiwa hawakijui. Wachambuzi wengi huzigawa sufuri makundi mawili. Anayesema hana uwezo huhesabiwa kuwa sufuri ya kweli. Anayesema ni jukumu la serikali, au kwamba hana imani, sufuri yake huitwa ya kupinga, na mara nyingi huondolewa kabisa kabla ya wastani kukokotolewa. Kitaalamu wana hoja yao: mtu huyo hakutaja thamani ya maji, amekataa mpango. Nakubali. Lakini angalia kinachobaki. Mama yule wa Gatwekera, aliyetoa maelezo kamili kuliko wote niliowahi kuwahoji juu ya anaowalipa na kwa nini, sufuri yake ni ya kupinga, na hayumo kwenye matokeo. Wamebaki waliosema hawana kitu na waliotaja kiasi kidogo ili nimalize niende zangu. Dai lake limefutwa kwa kuwa lilikuwa dai. Kwangu huu ndio udhaifu mkubwa wa kazi hii, mkubwa kuliko makosa yote ya takwimu tunayoonywa darasani.

Kuna mambo mengine yanayoipunguza tarakimu, nayo hayahusiani na thamani ya maji. Wengi wa wakazi wa Kibera ni wapangaji, na wenye vyumba huishi kwingine. Mpangaji akisikia maji yataboreshwa, anasikia kodi itapanda. Amewahi kuona ploti iliyoletewa mfereji ndani ikiongezwa kodi mwezi uliofuata, na waliokuwa wakilalamikia maji ndio waliohama. Atasemaje kwamba yuko tayari kulipa? Pia mtu mwenye tableti hawezi kuwa mgeni wa kawaida katika mtaa ambao Julai 2018 maelfu ya watu walibomolewa nyumba ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Watu walihesabiwa, nyumba zikatiwa alama, matingatinga yakaja. Ninapobisha hodi na kuuliza idadi ya watu na mapato ya mwezi, mzee wa nyumba ana haki ya kunijibu kwa tahadhari. Na mume akiingia katikati ya mahojiano, kiasi alichokwisha kutaja mke hushuka. Anayechota maji na anayeshika pesa si mtu mmoja, lakini hojaji inawaita kaya moja.

Kawangware ina shida ya namna yake. Kule Gatina na Kabiro ploti nyingi zina kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kimefunikwa kwa bamba la chuma na kufuli ya mwenye ploti. Kisima kiko uani, na choo cha shimo kiko uani huo huo. Siku ya kawaida maji yake ni ya kufua na kusafisha sakafu, na kila mtu anajua hivyo. Mfereji ukikauka, ndoo ile ile inaingia jikoni. Msimamizi wa ploti anafungua kufuli asubuhi na jioni, wapangaji wanapanga foleni, kamba inashuka. Nilipomuuliza shosho mmoja angelipa kiasi gani ili kisima kilindwe, aliniangalia kwa mshangao kwa sababu nilikuwa namwomba alipie mali ya mtu mwingine. Choo ni cha mwenye ploti. Kisima ni cha mwenye ploti. Umbali kati ya hivyo viwili uliamuliwa na mwenye ploti siku alipojenga. Kumuuliza mpangaji bei ya kuvitenganisha ni kumgeuza mdhamini wa kosa ambalo hakulifanya.

Visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine navyo vililetwa kwa wingi kuanzia 2020, wakati wa mamlaka ya Huduma za Jiji Kuu la Nairobi (NMS), na katika mitaa mingi maji yake yaligawiwa bure. Afueni ilikuwa kubwa, sitaki kuidharau. Lakini maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yana floraidi nyingi, mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hubadilika rangi. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua na floraidi hubaki. Hata hapa wakazi walikuwa mbele ya hojaji. Walichota ya kisima kwa kufua na wakaendelea kununua ya mfereji kwa kunywa, ingawa ya kwanza ni bure na ya pili ni ya pesa. Mtu akiacha cha bure akanunua cha kulipia, hapo umekwisha kupata jibu lako kuhusu utayari wa kulipa, bila kumuuliza neno.

Kenya ina ushahidi mzuri wa kusoma matendo ya watu badala ya maneno yao. Miaka ya 1980 mtafiti Dale Whittington na wenzake walichunguza wachotaji maji wa Ukunda, pwani ya kusini mwa Mombasa, ambako watu waliweza kuchagua kati ya kisima cha bure kilicho mbali, kioski, na muuzaji aliyekuletea mlangoni. Waliona kwamba watu waliuthamini muda wa kuchota maji karibu sawa na ujira wa kibarua. Yaani maskini hauoni muda wake kuwa bure, kinyume na walivyodhani wapangaji wengi. Kisha Busia, magharibi mwa Kenya, mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walifuatilia chemchemi zilizojengewa saruji ili zisichafuliwe. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Lakini walipopima umbali wa ziada ambao watu walikubali kutembea ili wafike kwenye chemchemi iliyolindwa, thamani iliyotokana nao ilikuwa ndogo sana kuliko ile waliyoitaja midomoni walipoulizwa.

Matokeo ya Busia hutajwa mara nyingi na wale wanaosema maskini hawalipii afya. Nayaheshimu, kwa sababu yalifanywa kwa uangalifu. Lakini Busia chemchemi ilikuwa bure na nyingine bure iko karibu. Nairobi hakuna cha bure kilicho salama, kila tone salama lina bei, na watu wanaitoa bei hiyo kila asubuhi. Tarakimu ya kijijini Busia isihamishwe hadi Kibera kana kwamba ni mtu mmoja anayejibu.

Kuna mfano mmoja Kenya ambapo kulipia ulinzi wa maji kumepangwa kwa haki kuliko hojaji zetu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Murang'a na milima ya Aberdare: bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, na Sasumua la 1956. Mashamba ya juu yakimomonyoka, udongo hujaa kwenye mito, na gharama ya kusafisha maji hupanda. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiongozwa na shirika la The Nature Conservancy pamoja na kampuni ya maji ya jiji, kampuni ya umeme ya KenGen na makampuni ya vinywaji. Hesabu yao ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekwa kwenye matuta, nyasi za mabingobingo na miti kwenye mashamba ya wakulima wadogo zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 ndani ya miaka 30. Kinachonivutia ni mpangilio wake. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mkulima wa Murang'a atalipa kiasi gani ili asimwage udongo, wala mama wa Kibera atachangia kiasi gani. Walioitwa kulipa kwanza ni wanaouza maji, wanaouza umeme na wanaouza soda.

Kwa nini basi mantiki hiyo inaishia Ndakaini isishuke na bomba hadi Gatwekera? Zaidi ya theluthi ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hupotea njiani bila kulipiwa, kwa uvujaji na kwa wizi. Hasara hiyo ina wahusika wenye ofisi na mihuri. Hawasailiwi.

Sheria yetu imekwisha kusema haki ni ya nani. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya mazingira ya 1999 inataja kanuni ya kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Na mahakama imeshaonyesha kwamba maneno haya yana uzito. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa kwa miaka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwa upande wa wakazi. Jaji hakuwauliza watu wa Owino Uhuru wangetoa kiasi gani ili wasinyweshwe sumu. Aliuliza wanastahili kulipwa nini.

Swali hili halitabaki mitaani mwetu. Turkana, ambako mafuta yaligunduliwa Lokichar mwaka 2012, wachungaji wanaishi juu ya ardhi ambayo kisima kimoja kikiharibika hakuna kingine cha karibu. Siku uchimbaji mkubwa utakapoanza, atatokea mtu kama mimi na tableti. Napenda afike na swali lililo sawa.

Kwa hiyo naomba jambo kwa wanaoandika hojaji na wanaozilipia, vyuo vikuu, mashirika na wizara. Anzeni na kile ambacho kaya imeshalipa: mtungi, makaa, dawa, kliniki, siku ya kazi iliyopotea kwenye foleni. Ulizeni ni nani aliyeyachafua maji hayo na anapaswa kulipa nini, na mwacheni mhojiwa ajibu kwa maneno yake. Sufuri za kupinga zichapisheni mahali pake, pamoja na sababu zake, msizifute. Halafu mturudishe kule kule na matokeo, tuwasomee waliotujibu, kwa sababu hadi sasa karibu kila mlango ninaobisha Kibera na Kawangware huniuliza majibu ya mara ya mwisho yalikwenda wapi.